Ruppert akumbukwe kwa haki

Mhariri,

Michael Ruppert, polisi wa zamani wa Los Angeles aliyeonya kwamba kupungua kwa mafuta kungeuangusha uchumi wa dunia, alijiua Aprili 2014, na hadi leo hapa Nairobi nawasikia wanaomwita nabii wakibishana na wanaomwita mwendawazimu. Hoja zake zipimwe kwa ushahidi: dunia haikuporomoka kama alivyotabiri, ingawa swali lake kuhusu kutegemea rasilimali yenye kikomo lingali na uzito. Kifo chake hakithibitishi wala hakikanushi lolote, nami niliyemzika ndugu yangu kwa msiba kama huo najua minong'ono inavyowaumiza waliobaki. Mahakama Kuu yetu ilitamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Basi magazeti nayo yaache kueleza marehemu alivyojiua.

Msomaji, Nairobi