Nahitaji picha ya kuziba herufi L

Mbagala, Jumapili usiku

Ndugu yangu Kassimu,

Salaam nyingi, na za shemeji Mwajuma, na za watoto, na za huko Mtwara kwa jumla pamoja na korosho zenu. Sisi huku wazima, ukiacha mafua ya Mwanaisha na bei ya mchele. Barua anakuletea Mzee Limbende, kaja kwenye msiba wa bintiye mdogo wa Temeke na kesho alfajiri anapanda basi pale Rangi Tatu. Usicheke kuona karatasi. Simu kubwa nilichomolewa kwenye daladala mwaka juzi, sasa natembea na kitochi, na kitochi ndugu yangu hakipokei picha. Na picha ndiyo shida yangu.

Mbali na zile "Eid Mubarak" za kutumiana, mimi na wewe hatujaongea la maana tangu siku meza yetu ya pili ya puli ilipopakiwa kwenye kirikuu. Najua. Nitalifikia hilo, usinisukume.

Kwanza nikusimulie katuni.

Rashidi kajaziwa flashi na yule kijana wa kibanda cha muvi pale kituoni, The Simpsons, wale watu wa njano. Vipindi vimechanganywa kama mitumba kwenye robota, cha zamani juu, kipya chini. Tamthilia yenyewe ilianza Desemba 1989 na mpaka leo wanaitengeneza, vipindi vimeshapita mia saba, na yule mtoto wao Maggie bado yuko na nyonyo ya plastiki mdomoni. Angeruhusiwa kukua, leo angekuwa kwenye vikoba anadaiwa kama sisi. Basi Ijumaa ya wiki iliyopita umeme ulirudi saa mbili, tukakaa wote, Rashidi anatafsiri kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili. Mara nyingine ananyamaza sekunde kumi halafu anasema "hapo kachekesha tu." Lakini kipindi hiki sikuhitaji tafsiri sana.

Kinaanza familia imekaa inapekua albamu. Picha za Bart zipo, za Lisa zipo. Za Maggie hamna. Wanauliza kwa nini, baba yao Homer anaanza kusimulia jinsi Maggie alivyozaliwa.

Hapo hapo Zuhura wangu akageuka. "Na mimi zangu ziko wapi?"

Unaijua albamu yetu, ile ya jalada la maua. Rashidi ana picha za studio, kavaa suti, kashikishwa simu ya mezani isiyo na waya. Mwanaisha anazo mpaka anazichoka. Zuhura ana moja tu, pasipoti tuliyopiga kumwandikisha darasa la kwanza, kakunja sura kama anadai kodi. Zote za utotoni zilikuwa kwenye ile simu. Mama Rashidi akaniangalia, mimi nikaangalia televisheni.

Na kwenye televisheni sasa, Kassimu, nakuapia, walikuwa wananionyesha mimi.

Huyu Homer kazi yake iko kwenye mtambo wa nyuklia, bosi wake kizee mmoja anaitwa Burns, tajiri kuliko mji mzima na roho ya kutu. Siku hiyo Homer amemaliza kulipa madeni yake yote. Wala hakulala. Kaingia kwa bosi, kamwambia naacha, kampigia kichwa kama ngoma, akaondoka. Anakwenda wapi? Kwenye ukumbi wa bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito likaangushe vipande vya mbao vilivyopangwa. Mshahara mdogo, lakini ndiyo kazi aliyokuwa anaiota. Anafanya kazi huku anaimba.

Banda letu la puli. Tandika. Mimi na wewe.

Unakumbuka wiki ya kwanza? Mimi niliyekuwa nakwenda kiwandani kama napelekwa mahakamani, nilikuwa nafika bandani saa mbili asubuhi kupiga deki wakati mteja wa kwanza anakuja saa nane. Nilikuwa naisugua ile meza utadhani mtoto anaogeshwa. Chaki ikiisha nafurahi, maana yake watu wamecheza. Narudi nyumbani saa sita usiku nanuka jasho la watu thelathini, sina kitu mfukoni cha maana, na bado nacheka peke yangu njiani. Sijawahi kuwa vile tena. Sisemi ili unionee huruma, nakwambia tu.

Sasa huku Homer anafurahi, mkewe Marge kapata mimba ya tatu. Kaijua, kaikalia kimya. Anamwangalia mumewe anavyorudi na uso wa mtoto aliyepewa baiskeli, anashindwa kufungua mdomo, kwa sababu ule mshahara wa bolingi hautoshi mtoto wa tatu na yeye anajua neno lake moja litamrudisha mtamboni. Dada zake wawili, Patty na Selma (wana midomo hao, hata bi Sikujua wa mtaa wa nyuma anasubiri), wanawatangazia watu mji mzima. Kila mtu anajua. Watu wanampa Homer hongera usoni, yeye anacheka tu, haielewi. Wa mwisho kujua mimba ya mkewe ni yeye mwenyewe. Na alipojua, alipiga yowe akazing'oa nywele zilizobaki. Ndiyo sababu ana upara, kila mtoto na fungu lake la nywele.

Watoto wakacheka mpaka Mwanaisha akapaliwa. Mimi nilikuwa nasikia masikio yanapata moto.

Kwa sababu, Kassimu, ulijua.

Mama Rashidi alimwambia Mwajuma. Mwajuma hajawahi kukuficha hata bei ya kitunguu. Mangi dukani alijua, aliacha kumuuzia dawa za maumivu bila kuuliza. Mama yangu alijua, alianza kuleta ndimu. Mimi, mimba ya Zuhura inaingia mwezi wa tano, nilikuwa nadhani mke wangu kanenepa kwa raha za banda, na nikajisifu kwako! Pale pale, nimeegemea meza, nikakwambia "biashara inakubali, hata shemeji yako kanawiri." Wewe ukapaka chaki kwenye fimbo, ukapiga, ukakosa. Wewe, hujawahi kukosa mpira ule.

Halafu wiki iliyofuata tukakopa vikoba tukanunua meza ya pili.

Nilibeba hili jambo muda mrefu, nakiri. Hesabu zangu zilikuwa fupi: ungeniambia, tusingekopa. Tusingekopa, tusingeuza zote mbili kwa bei ya kuni. Nikaona heri ninyamaze, na nikinyamaza unanijua, nanyamaza kama choo cha shule ya bweni siku ya sikukuu.

Tuendelee na katuni. Homer anajaribu kukuza biashara ili abaki. Unajua kafanya nini? Kachukua bunduki, katoka nje ya ukumbi, anafyatua hewani ili watu waje. Sisi angalau tulifungulia singeli. Matokeo ni yale yale. Basi hana namna, anarudi kwa Burns. Kuna milango miwili: wa kawaida wa waombaji kazi, na pembeni kijimlango kama cha kuku kwa wale wanaorudi kuomba radhi. Anapita pale kwa magoti.

Mimi sikupiga magoti, ila nilikaa getini siku tatu na vijana wa kupakia mizigo, mlinzi niliyekuwa namletea maandazi zamani ananiuliza jina langu. Siku ya nne bosi akapita, akashusha kioo, akasema "huyo mrudisheni, lakini kibarua." Miaka tisa ya kazi ikaanza upya kutoka sifuri, na mshahara nao ukakaa magoti. Mpaka leo niko stoo ile ile, kiti kile kile, nacho kimevunjika mguu ule ule.

Burns yeye alizidisha. Kampachikia Homer kibao mbele ya meza yake ya kazi, kimeandikwa kwa Kiingereza "Don't forget: you're here forever", usisahau, uko hapa milele. Kibao cha kumvunja moyo kila akiinua macho.

Maggie akazaliwa. Homer kaingia hospitali kanuna, mtoto akamshika kidole, basi, imekwisha habari yake. Hapo sina la kuongeza, wewe mwenyewe umeshikwa kidole mara nne.

Tunarudi sebuleni kwao, watoto wanauliza tena: sasa picha ziko wapi? Homer anajibu ziko mahali anapozihitaji zaidi. Wanaonyesha ile meza ya kazini. Picha zote za Maggie kazibandika juu ya kile kibao, lakini kwa hesabu, zimeziba baadhi ya herufi na kuacha nyingine. Zilizobaki zinasomeka "Do it for her." Fanya kwa ajili yake. Mwisho.

Nilikwenda uani kuangalia kama kuku wamefungiwa. Kuku hatuna tangu Ramadhani.

Rashidi akatafuta kwenye simu ya jirani: kipindi kilionyeshwa mara ya kwanza Januari 22, 1995. Wewe na mimi tulikuwa darasa la tatu, mwaka wa ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, tunachungulia televisheni dirishani kwa Mzee Pazi mpaka tunamwagiwa maji. Kumbe wakati huo Wamarekani wameshaichora stoo yangu.

Sasa sikiliza. Jumatatu zamu ya usiku nilichukua boksi na maka peni nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, USISAHAU: UKO HAPA MILELE. Nikabandika juu ya rafu ya nati. Nilitaka kujicheka tu. Halafu nikakaa naikodolea, kazi hakuna, nikaanza kuziba herufi kwa vidole, moja moja. Kassimu, ziba ile I ya MILELE. Kisha ziba L ya pili. Inabaki nini?

MLEE.

USISAHAU: UKO HAPA, MLEE. Niliruka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama ni nyoka. Sijui Mungu kaiweka lini hii kwenye lugha yetu ikanisubiri mimi na boksi la nati saa tisa usiku, lakini ipo, jaribu mwenyewe.

Basi kwenye I nimebandika ile pasipoti ya Zuhura aliyekunja sura. L haina picha. Na wewe ndiye uliyepiga picha siku ya arobaini yake, kwa ile kamera yako ya kukodisha harusini. Nakumbuka umenipiga nimemshika, nimevaa kanzu ya mkopo, na moja mama Rashidi anacheka na meno yote. Ulisema utaziosha. Halafu yakatokea ya meza. Naomba uniangalizie. Zioshe hata tatu, nne, moja saizi ya pasipoti kwa ajili ya L, nyingine kubwa za albamu, Zuhura kila jioni anaifungua anahesabu kurasa tupu. Gharama niambie, nitatuma kwa simu mwisho wa mwezi, hii tarehe usinitanie.

Na lile jingine. Nimekaa nalo wiki nzima tangu katuni. Mama Rashidi nilimuuliza hatimaye, miaka sita imepita: kwa nini ulinificha? Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Ulikuwa unaimba bafuni." Akaendelea kuchambua. Na mimi sijui hata niliimba nini.

Sasa wewe je? Ulinyamaza kwa sababu aliwaomba mnyamaze, au na wewe uliniona naimba? Au ulikuwa unaogopa nitajitoa ukabaki na deni peke yako? Hata kama ni hilo niambie tu, sitakasirika, labda kidogo. Ile meza ya kwanza unajua iko kwa nani sasa? Kuna mtu kaniambia kaiona Kigamboni, kitambaa kimechanika pale pale kwenye kona. Mwajuma bado ana kisukari au kimeshuka? Yule kijana wako mkubwa kweli anaacha chuo akauze pweza, au ni maneno ya Sikujua? Na kamera, usiniambie umeiuza. Umeiuza? Memori kadi je?

Mzee Limbende atarudi Dar baada ya wiki mbili, mpe yeye. Ukichelewa, mpe kondakta wa basi lolote la asubuhi, andika jina langu na stoo, nitafuata Rangi Tatu.

Ni mimi,
Sefu

Tena: ifanye haraka tafadhali. Kwa kuwa nimeziba I peke yake, boksi kwa sasa linasomeka UKO HAPA MLELE, na yule jamaa wa Mpanda tunayepokezana zamu ananiuliza kila siku nimehamia lini kwao Katavi.