Kabla ya kutuma picha ya maandamano, mtazame aliyemo

Ndugu Mhariri,

Kila panapotokea maandamano au mkutano mkubwa wa hadhara, gazeti lako huwaalika wasomaji walete picha walizopiga. Mimi ni mmoja wa wanaouitikia mwaliko huo. Sina kitambulisho cha uandishi wala silipwi kwa picha zangu. Ni mpiga picha wa ridhaa, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitembea na waandamanaji nikiwa na kamera moja na lenzi moja. Naandika kuomba kwamba kando ya mwaliko huo mchapishe swali moja ambalo kila mtumaji atapaswa kulijibu kwanza: huyu ninayemwonyesha, kesho picha hii itamkuta wapi?

Swali hili nimelipata kwa gharama ya mtu mwingine. Katika maandamano fulani nilimwona kijana amepanda juu ya ukuta mfupi, ameinua bango alilolikata kwenye boksi. Herufi za mwanzo alizichora kubwa, kwa madaha, kisha nafasi ikamwishia, na neno la mwisho likabanwa pembeni hadi likawa halisomeki ila kwa aliye karibu. Utepe wa gundi wa boksi ulikuwa bado umening'inia upande wa nyuma. Nilimpiga picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mikono yake tu, vidole vimetapakaa wino, na bango limejaza fremu. Ya pili ilikuwa ya uso: jasho linamtiririka, mdomo wazi, macho yanawaka. Jioni niliziweka zote mbili mbele yangu nikachagua ya uso, kwa sababu nilijua ndiyo itakayopendwa. Ikapendwa kweli, ikasambaa kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Baada ya wiki mbili dada yake aliniandikia ujumbe. Hakunitukana. Aliandika, "Kaka, picha ni nzuri, lakini tunakuomba uitoe. Kazini wameiona." Niliitoa saa ileile, ila picha iliyokwisha sambaa ni maji yaliyomwagika. Kibarua cha yule kijana kikaota nyasi. Mwajiri ndiye aliyemfukuza, sawa, lakini mimi ndiye niliyempelekea uso. Na siku ile pale ukutani sikumwuliza hata jina.

Nikisimulia haya kwa wenzangu, jibu huwa lilelile: barabarani ni hadharani, aliyetoka ametoka aonekane. Sikatai kwamba sheria katika nchi nyingi inaturuhusu kupiga picha mahali pa wazi. Lakini kuonekana na wale mnaotembea nao bega kwa bega ni jambo moja, na kutafutwa baadaye kwa uso wako, mtu akiwa ametulia mezani anakukuza hadi nywele za nyusi, ni jambo jingine kabisa. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2020 kuhusu haki ya kukusanyika kwa amani, ilisema wazi kwamba mtu kuwa hadharani hakumaanishi faragha yake haiwezi kuvunjwa.

Wala si jambo la zama za simu. Mwaka 1871, wakati wa Komuni ya Paris, serikali ya wananchi walioasi iliyoushika mji huo wa Ufaransa kwa miezi miwili hivi, wapiganaji na wakazi walisimama kwa fahari mbele ya vizuizi vyao, na kando ya mnara wa Vendôme, ukumbusho wa ushindi wa Napoleon, waliouangusha, wakapigwa picha. Walitaka kukumbukwa. Komuni iliposhindwa mwezi Mei, picha zilezile zikatumiwa na polisi kuwatambua. Hakuna aliyewalazimisha kusimama mbele ya kamera, na sidhani aliyewapiga aliwatakia mabaya. Picha ilibaki ileile, mikono iliyoishika ndiyo iliyobadilika. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kuliko yote: unapopiga leo, hujui faili hilo litakuwa mikononi mwa nani baada ya miaka mitano.

Tunaijua sote picha ya Sam Nzima ya Juni 16, 1976, kule Soweto, Afrika Kusini, siku polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi walioandamana: kijana amembeba mtoto Hector Pieterson aliyepigwa risasi, dada yake Hector anakimbia pembeni. Nzima alikuwa mpiga picha wa gazeti, si wa ridhaa, na dunia ina deni kwake kwa picha ile. Iliupa ukatili wa ubaguzi wa rangi sura ambayo hakuna hotuba ingeweza kuipa. Lakini tumwulize pia yule aliyembeba. Jina lake ni Mbuyisa Makhubo. Baada ya picha kuzunguka dunia aliandamwa na polisi, akakimbilia uhamishoni, na barua ya mwisho mama yake aliyoipata kutoka kwake ilitoka Nigeria mwaka 1978. Mama akabaki anangoja. Nzima mwenyewe naye aliandamwa, akaacha kazi ile. Sisemi kwamba picha isingepigwa. Nasema kwamba mtu aliyemo ndani yake alilipa, na sisi tunaopiga kwa kujifurahisha hatuna haki ya kujifanya hatujui.

Naomba nisieleweke vibaya. Wapo wanaotaka sisi wa ridhaa tubaki nyumbani, kazi hii waachiwe wenye vitambulisho. Hao siwaungi mkono hata kidogo. Mei 25, 2020, kule Minneapolis, Marekani, Darnella Frazier alikuwa msichana wa miaka 17 aliyekuwa akienda dukani. Taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi waliyekuwa wakimkamata, ilizungumzia tatizo la kiafya lililompata wakati akishughulikiwa na polisi. Video ya simu ya msichana huyo, aliyoishikilia kwa dakika kama kumi bila kuondoka, ndiyo iliyoonyesha goti la askari shingoni mwa Floyd. Mwaka uliofuata askari yule alitiwa hatiani kwa mauaji, na bodi ya Pulitzer, tuzo kubwa za uandishi wa habari za Marekani, ikamtunuku Frazier heshima maalumu. Ufafanuzi uleule wa Umoja wa Mataifa nilioutaja unasema anayefuatilia mkusanyiko na kutoa taarifa zake anastahili ulinzi, na haumtaji mwandishi wa habari peke yake.

Kwa hiyo mizani yangu, nimeipata kwa kukosea, ni hii: mwenye nguvu namwonyesha uso. Askari aliye kazini, msemaji aliyepanda jukwaani kutafuta masikio ya watu, kiongozi anayepunga mkono juu ya gari, hao nawapiga bila kusita. Mama aliyesimama na mwanawe mgongoni, mwanafunzi mwenye sare ya shule, kijana mwenye bango la boksi, hao nawauliza. Kelele zikizidi namwonyesha mtu kamera na kuinua nyusi. Akitikisa kichwa, naishusha. Inachukua sekunde tatu. Mtoto simpigi uso hata akinichekea.

Na asidhani mtu kwamba bila nyuso picha inakufa. Ukienda nyuma ya umati jua likiwa mbele yako, watu wanageuka vivuli na mabango yanabaki yakiongea. Kuna viatu. Kuna mikono iliyoshikana, kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe, chupa ya maji inayopita kutoka mtu hadi mtu. Baada ya kupiga, kuna kazi ya mezani ambayo wengi hawaijui. Simu nyingi huandika ndani ya faili saa ya picha na, usipozima mpangilio huo, mahali hasa ulipokuwa umesimama. Hayo yafutwe kwenye nakala unayoituma. Uso ukitaka kuuficha, uufunike kwa doa zima. Kalamu ya kuchorea ya simu mara nyingi wino wake haujai, na mtu akiongeza mwanga uso unarudi. Ukumbuke pia tatuu, na fulana yenye jina la kazini. Nakala halisi usiiguse, iweke salama, maana siku moja inaweza kuwa ushahidi wa aliyedhulumiwa.

Kuna deni jingine tunalodaiwa, nalo ni kwa msomaji. Lenzi ndefu huwabana watu: mia mbili waliotawanyika barabarani huonekana kama ukuta wa vichwa. Lenzi pana ukiinua juu huonyesha mapengo yote. Nimeona mkutano mmoja wa hadhara ukichapishwa siku moja kama mafuriko na kama uwanja mtupu, na picha zote mbili zilikuwa za kweli. Mpiga picha aliyesimama chini ya jukwaa na yule aliyesimama kwenye lango la nyuma hawakudanganya, ila hakuna aliyesema alisimama wapi. Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, mdai tarehe, saa, na mahali mpigaji aliposimama, na mvichapishe chini ya picha. Hilo litasaidia pia kuwanasa wanaoleta picha za miaka iliyopita wakizivika maandamano ya jana. Na mezani kwenu, pale mnapokata picha ili itoshe safu, msimkate mtu akabaki peke yake ilhali mpigaji alimwacha ndani ya umati.

Pamoja na barua hii nakutumia picha moja. Ni ile ya kwanza, ya mikono yenye wino na bango lililobanwa neno la mwisho. Ilipigwa saa tano asubuhi, nikiwa chini ya ukuta, hatua mbili hivi kutoka kwake. Safari hii nimemwuliza, kupitia dada yake, na amekubali.

Wako,
Msomaji na mpiga picha wa ridhaa