Kwa dada aliyepokea simu yangu usiku ule

Nilipiga namba ya Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, mara tatu, nikakata kabla haijapokewa. Ya nne ukaiwahi wewe. Hukuniuliza nakunywa kiasi gani. Ulinieleza kwamba kuna mikutano ya wazi, anayoruhusiwa yeyote, na ya faragha, ya wenye tatizo la pombe tu. Kwamba hakuna kiingilio, na sharti ni moja: kutaka kuacha kunywa. Kesho yake ukanisubiri mlangoni (nilichelewa makusudi, nikitumaini umeshaondoka), ukakaa kando yangu, ukaninong'oneza kuwa naweza kunyamaza hadi mwisho. Nikanyamaza. Tulipoagana ukaniachia ratiba ya wiki nzima.

Leo ni siku ya 94 bila pombe. Asante, dada. Nanyi mliotutangulia, mkimwona mgeni anasitasita nje, tokeni mkampokee.