Barolo wanajua jina la kilima, sisi hatujui hata faktori

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo la kahawa yetu na jina la faktori, yaani kiwanda inakooshwa, ambalo limenikaa rohoni tangu nirudi safari. Mpwa wangu anafanya kazi Torino kule Italia, mwaka jana mwezi wa kumi akanitumia tikiti nikamsalimie, na siku moja akiwa hana zamu akanipeleka kijiji cha waini kinaitwa Barolo, treni mpaka Alba halafu basi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kama wa Limuru mwezi wa saba, unaona tu vichwa vya vilima na minara ya kanisa. Mpwa wangu akanieleza zabibu za huko zinaitwa nebbiolo, na wengi husema jina limetoka kwa nebbia yaani ukungu, kwa sababu zinachelewa kuiva mpaka ukungu wa Oktoba unazipata bado ziko shambani.

Mimi waini situmii, nilienda kutembea tu. Kijiji chenyewe ni watu kama 700 hivi, unakimaliza kwa miguu kabla hujachoka, lakini wageni wamejaa wakiongea kila lugha. Kuna kasri la zamani la ukoo wa Falletti ambalo tangu 2010 ni makumbusho ya waini, unaanzia juu unashuka mpaka chini kabisa kwa pishi ambako watu wanaonja. Ni pazuri sana, sikatai, lakini kitu kilichonishika ni jina. Kijiji ni Barolo na waini ni Barolo. Huwezi tu kukamua zabibu ukaandika Barolo kwa chupa, sheria inasema lazima ziwe nebbiolo peke yake, zitoke hapo ama vijiji vingine 10 vya jirani, na waini ikae angalau miezi 38, ndani yake 18 iwe kwa mapipa ya mbao. Hata kilima kimoja kina jina lake, Cannubi, na kuna chupa ya 1752 yenye jina hilo ambayo imetunzwa mpaka leo. Mwaka 2014 UNESCO ikaweka mashamba ya hivyo vilima kwa orodha ya urithi wa dunia, mashamba tu, wala si piramidi!

Na msifikirie walizaliwa matajiri. Mzee mmoja tuliyemkuta akichuma alituambia kwao walikuwa maskini kabisa, baada ya vita vijana walikimbilia viwanda vya magari Torino na mashamba yakabaki na wazee. Halafu 1986 kukatokea waini zilizotiwa methanoli, ile spiriti ya sumu, huko huko Italia, watu zaidi ya 20 wakafa, sisi wa Kenya hiyo habari tunaielewa vizuri maana tumezika wetu kwa pombe kama hizo. Lakini watu wa Barolo walishika jina la kijiji wakalilinda.

Yule mzee akaniuliza kwetu tunapanda nini. Nikamwambia kahawa, SL28, mbegu iliyochaguliwa hapa hapa Kabete miaka ya 1930, na nilipokuwa nikiongea nikaona machozi yananijia kwa sababu mibuni ya baba kule Gatundu, Kiambu, ndiyo ilinisomesha, tulikuwa tunaamka gizani kuchuma, debe kwa kichwa mpaka faktori, halafu 1989 mkataba wa dunia wa kahawa ukavunjika bei ikaanguka, malipo yakawa yanachelewa mpaka mtu anasahau anadai, baba akang'oa karibu yote akapanda nepia, nyasi ya ng'ombe. Leo ukipita Kiambu ni fleti juu ya fleti pale palipokuwa na kahawa, na mimi sina ubaya na nyumba, watu lazima walale mahali, lakini hakuna hata kibao kinasema hapa palikuwa na nini.

Kesho yake Torino tukaingia mkahawa, nikaona pakiti imeandikwa Kenya, Nyeri, na jina la faktori kabisa! Mtaliano anajua faktori ya Nyeri na mimi wa Nairobi nikienda supamaketi naona tu "kahawa ya Kenya".

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti za Kiambu, Murang'a na Nyeri na kwa wizara ni kahawa inayouzwa hapa nyumbani iandikwe jina la faktori ilikotoka, na faktori chache za zamani zifunguliwe watu waje waone kahawa ikioshwa na kuanikwa kwa meza, walipe kitu, wanywe kikombe. Kutoka hapa mjini ni saa moja ama mbili kwa matatu, si lazima mtu apande ndege.

Mama bado ana mibuni 40 ambayo amekataa kabisa kung'oa. Msimu huu akipeleka debe zake faktori, natamani pakiti yake nije niinunue hapa Nairobi ikiwa na jina la kwao.

Msomaji wenu,
Kasarani, Nairobi