Safisheni orodha kabla ya kusoma fahirisi ya h

Mhariri,

Kamati ya kupandisha vyeo ikipewa faili la mtafiti wa baiolojia ya molekuli, kinachotokea mara nyingi ni mjumbe mmoja kufungua Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, kuchungulia fahirisi ya h, yaani namba inayompima mtafiti kwa idadi ya makala zake na mara zilizonukuliwa na makala nyingine, na kuinakili kwenye fomu. Dakika mbili, kazi imekwisha. Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wanakamati kwamba namba ile haiwezi kuwa safi kuliko orodha iliyoizaa.

Fahirisi hii ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na hesabu yake ni ya penseli na karatasi. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa sana, kisha shuka mstari kwa mstari mpaka namba ya mstari ipite idadi ya nukuu; namba ya mstari uliotangulia ndiyo h. Tuseme mtafiti ana makala 12 zilizonukuliwa mara 62, 40, 31, 18, 12, 9, 8, 8, 5, 3, 1 na 0. Ya nane ina nukuu 8, ya tisa ina 5 tu, basi h yake ni 8. Sasa ondoa nukuu moja ambayo mwenyewe alijinukuu katika ile ya nane. Inabaki 7, na h inashuka hadi 7. Ikiwa fomu inadai 8, cheo kizima kinaning'inia kwenye nukuu moja ambayo hakuna aliyeikagua. Na ile makala ya kwanza, hata ingenukuliwa mara 6,000 badala ya 62, h isingetikisika.

Hapa Uganda uchafu mkubwa wa orodha unatokana na majina. Familia nyingi hazirithishani jina moja, cheti kimoja huanza na jina la kikwetu na kingine na jina la dini, na majarida hufupisha anavyotaka mhariri wao. Nakato ni jina la kila binti pacha aliyezaliwa wa pili Buganda, kompyuta ikikutana na "Nakato S." itajuaje ni yupi? Google Scholar ikiachiwa kuongeza makala yenyewe, ukurasa wa mtafiti wa virusi vya muhogo utapokea kazi za daktari wa meno bila mwenye ukurasa kujua. Mpangilio ubadilishwe ili itume kwanza barua pepe ya kuuliza. Kosa la kinyume nalo lipo: nakala ya awali iliyowekwa bioRxiv, hazina ya mtandaoni ya makala ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu, na makala yenyewe iliyotoka jaridani wakati mwingine huhesabiwa kama kazi mbili, nukuu zikagawanyika, na mtafiti akapunjwa. Hizo ziunganishwe. Lakini ukiona kinyota kando ya idadi ya nukuu, bonyeza kinyota hicho uone ni nini kimeunganishwa, maana wapo wanaounganisha makala mbili tofauti ili jumla ipande.

Dawa ya majina ni ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, inayotolewa bure tangu 2012. Kamati imwombe mwombaji namba hiyo pamoja na orodha yenye DOI, yaani namba ya kudumu ya kuipata mtandaoni, ya kila makala. Kisha karani aketi asubuhi moja: afungue kila DOI, aondoe muhtasari wa mawasilisho ya makongamano, aweke pembeni nakala za awali ambazo hazijapitiwa na wataalamu, na aangalie kama kuna makala iliyofutwa na jarida. Makala iliyofutwa huendelea kunukuliwa miaka mingi, na nukuu zake huingia kwenye h kama kawaida. Mwombaji naye asingoje tangazo la kazi ndipo aanze kusafisha. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada.

Nukuu zichukuliwe kwenye kanzidata moja kwa waombaji wote, na tarehe iandikwe. Google Scholar husoma tasnifu, ripoti na chochote kinachofanana na makala, kwa hiyo namba zake huwa kubwa kuliko za Scopus au Web of Science, kanzidata zinazochagua majarida ya kuingiza. Kumlinganisha mmoja kwa hii na mwingine kwa ile ni kupima sukari kwa mizani mbili. Scopus ina kitufe cha kuondoa nukuu za kujinukuu. Google Scholar haina.

Tena tazameni nafasi ya jina. Katika fani hii wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeshika pipeti, yaani aliyefanya majaribio, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Aliye namba 140 katika makala ya muungano wa maabara nyingi yenye waandishi 300 huenda alipeleka sampuli, jambo la maana, ila nukuu zote zinamwangukia sawa na wa kwanza. Aina ya makala nayo ina uzito wake. Makala ya Livak na Schmittgen ya 2001, inayoeleza namna ya kukokotoa matokeo ya PCR, kipimo cha kunakilisha DNA, imenukuliwa zaidi ya mara 100,000 kwa kuwa kila maabara inaihitaji. Aliyegundua jeni moja ya mbu hatafika huko hata kazi yake iwe nzuri vipi.

Kuhusu kiwango cha athari cha jarida sina mengi. Ni wastani wa nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Makala chache hubeba mzigo, nyingi huwa chini ya wastani huo. Tamko la San Francisco la 2013, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilishasema kisitumike kumpima mtu, na bado fomu zinakiuliza.

Wenye haraka ya kupima kazi kwa nukuu za miaka mitano tu waulize Entebbe. Kirusi cha Zika kilipatikana katika msitu wa Zika mwaka 1947, kwa kima wa majaribio namba 766, na makala yake ikatoka 1952. Kwa miongo sita ilinukuliwa kwa nadra, mpaka mlipuko wa Brazil wa 2015 ulipowakimbiza watafiti wa dunia nzima kuitafuta.

Kwa kulinganisha nukuu za makala na za nyingine za fani na mwaka uleule, ipo iCite, zana ya mtandaoni ya NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ambayo ni bure. Alama ya 1.0 pale ni sawa na makala ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na NIH. Inasoma PubMed, kanzidata ya makala za tiba na baiolojia, peke yake, kwa hiyo watafiti wa mazao wa Namulonge na Kawanda itawaonea. Kwao tumieni Scopus. Fomu nayo iongezwe safu ya namba za GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya jeni, kwa sababu mfuatano wa jeni uliowekwa huko na kutumiwa na wengine hauonekani kwenye h hata kidogo.

Msomaji,
Entebbe