Shabani, usinunue pampu ya tatu

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Shabani,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama mguu umepata nafuu na anakuulizia kila siku.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Asubuhi gari linawaka vizuri, likishatembea linakosa nguvu mlimani, mwisho linazimika. Ukilipumzisha linawaka tena. Na fundi anataka ununue pampu nyingine ya mafuta. Nakuomba usitoe hata shilingi kwanza. Ugonjwa huo nimeuuguza kwenye Corolla yangu, nikabadilisha pampu mbili kabla sijajua kwamba tatizo ni waya.

Kilichonipoteza ni namna ya kupima. Tulichomoa soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, tukaweka mita, ikasoma volti 12.4, tukasema umeme upo. Kumbe mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Waya ulioliwa na kutu ukabakiwa na nyuzi mbili tatu bado huionyesha mita volti zote. Pampu ikianza kuvuta ampea zake nne au tano, hapo ndipo umeme unapopotelea njiani. Kwa hiyo pima soketi ikiwa imechomekwa na pampu inazunguka, ncha ya mita ukiiingizia kwa nyuma ya soketi.

Pampu utaizungusha bila kuwasha injini. Toyota nyingi za umri wa hiyo yako zina kijisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, washa swichi, usipige stata. Utaisikia ikinguruma huko nyuma. Soma herufi kwa makini, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu. Na ukinusa petroli popote, acha kabisa, usichomeke wala kuchomoa chochote.

Mimi nilikuta pampu inapata volti 8.9, na betri wakati huo ina 12.5. Nikaweka ncha moja kwenye chanya ya betri, ya pili kwenye chanya ya pampu, nione volti ngapi zinapotea njiani: 0.4 tu. Basi fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) na waya wote wa upande ule havikuwa na kosa. Nikahamia upande wa pili, kutoka waya wa ethi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bati la gari, mpaka hasi ya betri: 3.2! Ethi ile ilifungwa kwenye bati la bodi kwa skrubu moja, nayo ilikuwa ya moto kuishika. Nilipoifungua nikakuta kutu ya kijani. Hewa yetu ya chumvi unaijua, gari halina lawama. Ndiyo maana lilizidi kuchoka kadiri safari ilivyoendelea: kiungo kinapata moto, umeme unazidi kubanwa. Nikaliparua bati mpaka likang'aa, nikabana kichwa kipya cha waya, nikapaka grisi. Pampu ikapata 12.0, na tangu hapo napanda Lushoto bila wasiwasi.

Kama kwako volti zitakuwa kamili na mafuta bado hayaji kwa nguvu, hapo sawa, tazama chujio kisha pampu.

Fundi akikwambia avute waya moja kwa moja kutoka betri mpaka pampu, mkatalie, hata akikuona mbishi. Rilei imewekwa ili injini ikizimika pampu nayo isimame. Ukiiruka, siku mpira wa mafuta ukipasuka au ukigongwa, pampu itaendelea kumwaga petroli na watoto wamo ndani. Waya mpya ukihitajika, upitie kwenye fyuzi na rilei.

Niandikie hizo namba mbili, ya upande wa chanya na ya upande wa hasi, kabla hujamlipa mtu yeyote.

Wako,
Salimu