Malalamiko: mnasema tawi lolote, mbona mkopo wa mwanafunzi wa udaktari unakwama?

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja, makao makuu,

Assalam aleikum. Mimi ni mteja wa benki yenu hapa Mombasa, mshahara wangu wapitia kwenu tangu nianze kazi, na ndio mimi mdhamini wa mdogo wangu anayesomea udaktari Nairobi. Ule mkopo wenu wa masomo, ule ambao mwanafunzi anawekewa kiwango halafu anatoa kidogo kidogo kila karo ikifika, mmeutangaza kwamba mteja anaweza kuomba tawi lolote lililo karibu naye. Si kweli, na imetugharimu pesa na wakati.

Nilichagua tawi la Likoni kwa sababu ndio nyumbani, nani ataacha tawi la karibu apande feri aende kupanga foleni mjini? Kijana wa mikopo pale ana adabu zake na sina neno naye, lakini mkopo huu haujui kabisa. Akanijazia fomu ya mkopo wa kawaida, ule wa kupewa pesa zote kwa mpigo, nikamwambia sio huu akanijibu yote ni mikopo ya masomo tu. Jamani si sawa hata kidogo! Tuseme kiwango ni milioni moja na nusu na riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Akichukua zote mara moja, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni kama 225,000, na pengine karo aliyokuwa anadaiwa na chuo mwaka ule ni laki nne. Akitoa hizo laki nne tu riba yake ni 60,000. Hiyo 165,000 iliyobaki ni kodi ya chumba na chakula cha mwanafunzi kwa miezi na miezi, na ilikuwa iende hivi hivi kwa sababu hamkumfundisha mfanyakazi wenu kitu ambacho nyinyi wenyewe mnakiuza.

Lakini lililonichoma zaidi ni ile ratiba ya kulipa. Kijana yule ameandika masomo miaka 4, malipo kuanza mwaka wa 5. Udaktari hapa Kenya ni miaka 6, na baada ya hapo kuna mwaka mzima wa intanshipu, yaani kufanya kazi hospitali chini ya madaktari wakubwa, bila huo hupati leseni ya kufanya kazi peke yako. Kwa hiyo mwaka wa 5 mtoto yuko wodini anazungushwa na walimu wake, hana senti, na nyinyi mshaanza kukata, na asipokuwa nazo mnamkata nani? Mimi. Na hata akimaliza miaka 6 haingii kazini kesho yake, anangoja Wizara ya Afya impangie hospitali, na sote tuliona 2024 madaktari wamegoma siku 56 kuanzia Machi na kilio kikubwa kimoja kilikuwa hao hao wa intanshipu, serikali ilitaka kuwapa 70,000 kwa mwezi na mkataba wa 2017 ulisema zaidi ya laki mbili. Anayepanga mkopo wa daktari wa kesho lazima ayajue haya kabla hajashika kalamu. HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na riba yao ya asilimia 4 wanamsubiri mtoto mwaka mzima baada ya kumaliza ndio aanze kulipa, nyinyi wenye riba ya juu kuliko wao mnataka pesa hata kozi haijaisha.

Nikavuka nikaenda tawi la Moi Avenue. Pale nilimpata mama mmoja, wallahi huyo yuwajua kazi yake, akaniuliza mwanafunzi yuko mwaka wa ngapi, karo inalipwa miezi gani, HELB wametoa kiasi gani, nani atalipa riba ya kila mwezi wakati bado anasoma, na akaniambia mwenyewe kuwa malipo ya mkopo wenyewe yasubiri mpaka intanshipu iishe. Maswali ambayo Likoni hakuna aliyeniuliza. Nikajua hapa ndio mahali pake.

Hapo ndipo danadana ikaanza. Faili limefunguliwa Likoni kwa hiyo Moi Avenue hawawezi kuligusa, Likoni wanasema meneja wao hana mamlaka ya kulihamisha, makao makuu wanasema nirudi tawini, halafu naambiwa njia rahisi ni kuomba upya, yaani nilipe ada ya kuandaa mkopo mara ya pili na jina langu liangaliwe CRB tena, kule kunakowekwa rekodi za wanaodaiwa, kana kwamba niliyekosea ni mimi. Na huku Nairobi mdogo wangu ananipigia simu kila jioni, bila karo hasajiliwi, bila kusajiliwa hafanyi mtihani. Mnaelewa mwanafunzi wa udaktari akikosa mtihani mmoja anaweza kurudia mwaka mzima? Ukienda hospitali ya Coast General ukaona watu walivyojaa wakingoja daktari ndio utajua hasara hiyo si ya nyumba yetu peke yake.

Wazazi wenzangu huku Likoni nimeshaanza kuwaambia, msichague tawi kwa sababu liko karibu na nyumbani. Ulizeni kwanza kama kuna afisa pale ambaye ameshawahi kuandaa mkopo wa mwanafunzi wa udaktari, nani anaidhinisha, na mtoto akiwa Nairobi ataweza kutoa pesa za muhula kule au ni lazima mdhamini aende kusaini tawi lilipo faili. Lakini haya mlitakiwa kuyaandika nyinyi kwenye tangazo lenu, sio sisi kuyagundua baada ya kuzungushwa.

Ninachotaka ni faili lihamishwe Moi Avenue kama lilivyo, bila ada nyingine na bila CRB nyingine. Ratiba iandikwe upya, miaka 6 pamoja na intanshipu, na riba ihesabiwe kwa kilichotolewa tu. Na lile neno tawi lolote mliondoe, muweke majina ya matawi yenye watu wanaoujua mkopo huu, na kama Likoni haliko basi mtuambie mapema tuvuke tukijua tunakwenda kwa nani.

Nataka jibu la maandishi, sio simu. Nikikosa nitaipeleka Benki Kuu na barua hii hii, maana wao huuliza kama ulianza kulalamika kwa benki yenyewe, na mimi nimeanza. Fomu ya kwanza, ile ratiba ya miaka 4 na risiti ya ada niliyolipa nimeziambatanisha, nambari ya ombi iko juu ya fomu.

Wenu,
Mdhamini, Likoni